Fomu Niliyoijaza Huruma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti la bluu lililonipwaya, tester moja ya kupimia umeme, na darasa la wanafunzi waliokuwa karibu rika langu. Chuo chetu cha ufundi kiko huku Eastlands, na mimi nilikuwa kijana wa kota za reli, mtoto wa wazazi waliotoka Bungoma kuja kutafuta kazi Nairobi. Mkuu wa Idara ya Umeme, mzee mfupi asiyecheka, alinipeleka mbele ya ubao wa mafunzo, yaani ule ubao mpana ambao wanafunzi hutandazia nyaya kama vile wangezitandaza kwenye ukuta wa nyumba.

"Wafula," akaniambia, "hawa watasahau mengi utakayowafundisha. Wasisahau moja tu. Mtu azime swichi kuu kabla hajagusa waya."

Nikalifundisha hilo kila muhula kwa miaka mingi. Nilifundisha pia kukunja mabomba ya nyaya, kufunga fyuzi, na kuunganisha waya wa ardhini, ule unaoupitisha umeme mchangani pakitokea hitilafu ili usipite mwilini mwa mtu. Wengi niliowaanza sikuwamaliza. Mwanafunzi anakaa muhula mmoja, karo inamshinda, unamkuta amebeba mawe kwenye mjengo Komarock. Anakuamkia kwa heshima na hamzungumzii chuo.

Kwa hiyo serikali ilipoanza kutoa ruzuku, tulifurahi. Ruzuku ni ile sehemu ya karo ambayo serikali inamlipia kila mwanafunzi moja kwa moja chuoni. Juu yake kulikuwa na ufadhili na mkopo, lakini hivyo havikugawanywa sawa. Familia ziliwekwa katika madaraja: daraja la kwanza wale wasiojiweza kabisa, na kuendelea hadi wale wanaoweza kujilipia sehemu kubwa. Mtu akilalamika kwamba amewekwa daraja lisilo lake, mwalimu alitumwa nyumbani kwao akaangalie hali. Kazi hiyo iliitwa uhakiki. Nikahamishwa kutoka karakana hadi ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi ili niifanye.

Mkuu wa Wanafunzi alikuwa mama mtaratibu aliyependa makaratasi yake yapangwe sawasawa. Alinipa bunda la fomu na maagizo mafupi.

"Mwalimu, usiandike ulichoambiwa. Watu watakulilia. Andika ulichokiona."

Niliona ni maagizo ya haki. Nilishakutana na mzazi mwenye lori lake aliyekuja chuoni na shati lililoraruka begani. Nikawa nazunguka mitaa ya Majengo, Huruma, Komarock, naangalia kuta, vitanda, majiko, mitungi ya maji. Fomu ilikuwa na visanduku: sakafu ya nini, viti vingapi, televisheni ipo au haipo, wanakula mara ngapi. Unatia alama, mwisho unaandika maoni na kuweka sahihi.

Nekesa alikuwa mwanafunzi wa umeme, mwaka wa kwanza. Msichana mrefu, mwepesi wa mikono, mmoja kati ya wasichana watatu darasani. Mama yake alikuwa mjane aliyefua nguo za watu kwenye mitaa ya wenye nafasi. Nekesa alikuwa amewekwa daraja la wanaojiweza, akaomba mwenyewe uhakiki ufanyike.

Nilifika kwao Huruma Jumamosi adhuhuri, ghorofa ya sita, nimechoka na ngazi. Mlango haukufunguka wote kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kochi. Nikapenya kiubavu. Chumba kilikuwa kimoja, na ndani yake mlikuwa na makochi mawili yaliyofunikwa vitambaa vyeupe, televisheni kubwa juu ya meza, thamosi mpya, na vikombe vyenye sahani zake.

Mama Nekesa aliniamkia kwa Kibukusu alipolisikia jina langu. Akaninawisha mikono. Akaleta ugali na kuku, na ndani ya bakuli langu akaweka firigisi, kama ilivyo desturi yetu kumwekea mgeni wa heshima.

"Karibu, Mwalimu. Kwetu si pakubwa, lakini mgeni hakosi chochote."

"Mama, hii karo mnaimudu kweli?" nilimuuliza, kalamu mkononi.

Akatazama chini kidogo. "Tunajikaza, Mwalimu. Mungu hajatuacha."

Nekesa alikuwa amesimama kando ya pazia, mikono nyuma. Nilipoaga, alinisindikiza kwenye ngazi. Tulipofika ghorofa ya nne akasimama.

"Mwalimu, hizo vitu umeona kwa nyumba..."

"Nekesa!" Mama yake alikuwa ameinama juu ya reli ya ngazi. "Usimcheleweshe Mwalimu!"

Nilitazama saa. Nilikuwa na nyumba nyingine tatu Majengo. "Utaniambia Jumatatu ofisini," nikamwambia.

Pale pale kwenye ngazi, baada ya yeye kupanda, niliandika maoni yangu: familia ina samani nzuri, ina televisheni, inakula vizuri, inaweza kuchangia. Nikaweka sahihi. Mkononi bado nilikuwa nasikia harufu ya mchuzi wa yule kuku.

Jumatatu Nekesa alikuja. Mlangoni kwangu palikuwa na foleni ndefu na simu ilikuwa inalia. Nilimwona akisimama, akangoja, kisha akaondoka kwa sababu kengele ya karakana ilikuwa imelia. Alasiri hiyo fomu zilipelekwa.

Alibaki daraja lile lile. Muhula wa pili alihudhuria kwa shida, na muhula wa tatu jina lake likabandikwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia karakana hadi walipe. Sikuiandika orodha hiyo, lakini niliipita kila asubuhi. Baadaye nikasikia kwa wenzake kwamba hakuwa anakuja tena.

Miezi ilipita. Siku moja msichana wa darasa lake alinijia ofisini, macho mekundu.

"Mwalimu, Nekesa amechomwa na stima. Ako hosi, wadi ya walioungua."

Alikuwa amepata kazi kwa mtu mmoja anayewaunganishia watu umeme bila kibali, wale wanaoruka na waya kutoka paa hadi paa. Mtu huyo alimpenda kwa sababu alijua kazi. Nekesa alikuwa ameshika waya kwa mkono wa kulia. Nilimfundisha mwenyewe kuzima swichi kuu, na alijua vizuri kuliko wavulana wote. Waya wa wizi hauna swichi kuu.

Madaktari waliukata mkono juu kidogo ya kifundo.

Nilipanda tena zile ngazi baada ya Nekesa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Safari hii mlango ulifunguka wote hadi ukutani. Ndani mlikuwa na godoro moja sakafuni, jiko la mafuta, mitungi miwili na kigoda. Nekesa alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nilibaki mlangoni nikitafuta makochi kwa macho, kama mjinga.

Mama Nekesa alifuata macho yangu. "Yale yalikuwa ya Mama Brayo wa hapo kando," alisema polepole. "Na televisheni ya mwenye duka. Kuku niliomba kwa dada wa kanisani."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekukalisha wapi? Mtu ametumwa na serikali aje kwangu, tena mtu wa nyumbani, nimkalishe chini?"

Mimi nimelelewa na mama wa namna hiyo hiyo. Nilipokuwa mdogo, mchungaji akija kututembelea, nilitumwa kwa majirani kuazima vikombe, na nilionywa nisithubutu kuvitaja. Kati ya walimu wote wa chuo kile, mimi ndiye niliyepaswa kujua nilichokuwa nakiona. Na nitasema ukweli: nilipopenya ule mlango kiubavu, kuna kitu kiliniambia kochi lile si la chumba kile. Lakini sikuwa na muda.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Chuo. Nilimwomba tukate rufaa, Nekesa arudishwe, asomee kazi nyingine ambayo mkono mmoja ungetosha. Alikuwa mtu mwema, na alinisikiliza hadi mwisho.

"Wafula, fomu ina sahihi yako. Rufaa haiwezekani mpaka wewe uandike kwamba uhakiki wako ulikuwa na makosa. Ukiandika hivyo, fomu zako zote zitatiliwa shaka. Na umebakisha muda mfupi ustaafu."

"Nitaandika."

"Nenda ulale kwanza."

Niliandika kabla sijatoka chuoni. Niliondolewa kwenye uhakiki wiki iliyofuata, nikapelekwa stoo kugawa koleo na bisibisi. Hilo halikuniuma. Jibu la rufaa lilichukua muda mrefu, na lilipokuja lilikuwa na mistari miwili: muda wa rufaa kwa wanafunzi wa mwaka wake ulikuwa umepita.

Nilimpelekea Nekesa barua hiyo mwenyewe. Nilimkuta chini ya jengo lao, akipanga nyanya juu ya gunia kwa mkono wa kushoto. Niliisoma kwa sauti kwa sababu hakunyosha mkono kuipokea. Aliendelea kupanga mpaka fungu likakamilika.

"Mwalimu, mimi sikuchukii," alisema. "Mathe pia hakuchukii. Lakini usikuje tena. Kila ukikuja anaenda kuazima kitu."

Nikatazama juu. Mama yake alikuwa ghorofa ya sita, kwenye reli, ameshaniona. Kisha akaondoka pale haraka, na nikasikia akimwita Mama Brayo.

Niliondoka kabla hajashuka.

Nimestaafu sasa, naishi Komarock. Walinifanyia sherehe ndogo na kunipa saa ya ukutani. Siku hizi uhakiki unafanywa kwa simu, mwanafunzi anajibu maswali na mashine inampa daraja. Vijana walioko sasa kwenye ofisi ile huniuliza kama hilo ni bora kuliko kutuma mtu. Huwa nawaambia sijui. Mashine haiwezi kuona chumba kile. Mimi nilikaa ndani yake, nikala, nikanawa mikono, nikashukuru.