Msafiri wa Ilala na Kalamu ya Mfukoni

Mtanicheka, na mna haki, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile najicheka kwa dharau kama namcheka mtu mwingine kabisa, mjinga mmoja hivi aliyevaa kanzu nyeupe ya pasi kali, akajiona yeye ndiye msomi peke yake Kariakoo nzima, na saa moja baadaye amekaa juu ya zulia la watu kama kuku anayeatamia, hathubutu kunyanyuka. Huyo mjinga ni mimi, Idrisa, karani wa kampuni moja ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Naomba niyaseme yote mwenyewe, kwa sababu ndugu zangu wakisimulia wanatia chumvi (Mjomba Shabani anasema nililia, sikulia, lile lilikuwa jasho).

Chanzo ni kalamu. Si peni hizi zenu za dukani (nilikuwa nazidharau mno, nikimwona mtu mzima anaandika na peni ya plastiki iliyotafunwa mkiani, namwonea huruma ya kinafiki), hapana, hii ni kalamu ya kujaza wino kutoka kwenye chupa, ya chuma, nzito, niliipata kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya mtumba Mtaa wa Congo. Ofisini walishanichoka. Nilikuwa na mhadhara mzima wa namna ya kuibeba kwenye mfuko wa suruali, nautoa bila kuombwa: ncha iangalie juu, kifuniko kikazwe, uiviringe kwa leso, usiijaze pomoni maana wino ukipata joto la paja unatafuta njia ya kutokea, na ukitaka kukaa chini uitoe kwanza. Jamaa wananisikiliza huku wanapiga miayo. Siku yenyewe ilipofika sikufuata hata sharti moja.

Sasa, Jabiri. Huyu ni mtoto wa mama yangu mdogo, tumelelewa nyumba moja Ilala, ananiita kaka, anauza masufuria na chupa za chai kwa jumla. Alikuwa amempenda Raya, binti wa Mzee Nassor, wale Waarabu wenye duka la udi na marashi Mtaa wa Sikukuu, duka chini, wenyewe wanaishi ghorofani. Raya naye alikuwa anamtaka, hilo halikuwa na shida. Shida ni yule mzee. Mwaka uliotangulia aliletewa barua ya posa na watu wengine, wenye uwezo kutuzidi mbali, akairudisha bila kuifungua kwa sababu mshenga wao aliingia ndani anatafuna jojo. Ndivyo alivyo, humpima mshenga kwanza: kama mtu uliyemchagua mwenyewe akusemee hana adabu, na wewe atakuhesabu huna.

Jabiri alikuwa hapati usingizi. Alikuja kwangu akanishika mkono akasema, "Kaka, wewe una mwandiko na una maneno. Niandikie barua na uipeleke wewe. Lakini akikukataa wewe mimi ndiyo basi tena, Raya hawezi kwenda kinyume na baba yake."

Nikamjibu, "Dogo, we hesabu umeshaoa." Nikikumbuka jibu hilo natamani kujizaba kibao.

Barua niliiandika siku tatu, mikunjo ya herufi utadhani nadarizi kofia. Jumamosi ikafika, mimi na Mjomba Shabani, kaka wa mama zetu, tukajiandaa, yeye akiwa mkubwa wa msafara na mimi msemaji. Mtauliza, barua imeshaandikwa, bahasha imeshabandikwa, kalamu ya nini tena? Swali zuri. Nilikuwa nimejipigia picha kwamba Mzee Nassor akishasoma ataduwaa, atauliza mwandiko huu wa nani, na mimi nitapenyeza mkono taratibu kwenye mpasuo wa kanzu, niitoe mfukoni, niseme, "Ni mimi, Mzee, kwa hii." Na kwa kuwa huwezi kuitoa kalamu mbele ya wakwe halafu ikakwama, niliijaza mpaka ikacheua. Leso nilishafutia viatu. Mfuko wa kifuani nilikataa, nikasema vibaka wa Kariakoo wataiona. Nikaidumbukiza kwenye suruali, ncha chini.

Mjomba akanitazama. "Idrisa, hilo bomba si ungeliacha tu nyumbani?"

"Mjomba, hii inabebwa kitaalamu."

"Haya, mtaalamu."

Bajaji ilitushusha Mnazi Mmoja, kwa sababu Jumamosi ukiingia Kariakoo na bajaji utazeekea humo, tukashika njia kwa miguu, jua la saa tisa linachoma kweli, mimi mbele natembea kwa maringo na bahasha nimeishika kwa vidole viwili. Mara nyuma yangu, "Miguu! Miguu!" Mkokoteni umejaa majora ya vitambaa, mimi kwa ushaufu wangu sisogei, mpaka yule msukumaji akafoka, "We shehe, unatembea kama bwana harusi, pisha!" Nikaruka juu ya viatu vya mmachinga, nikatua vibaya, na kitu kikanigonga pajani. Sasa najua kilikuwa kifuniko cha kalamu kinaaga. Wakati ule sikujua, nilikuwa nawaza namna nitakavyosifiwa.

Tukapanda ghorofani, tukavua viatu, tukakaribishwa sebuleni. Zulia rangi ya maziwa, mito ya kuegemea pande zote, udi unafuka. Mzee Nassor mwembamba, ndevu nyeupe, sauti ya chini mpaka uiname kumsikia. Nikamwamkia, "Shikamoo Mzee," akaitika "Marahaba" huku ananikagua kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu, naona kabisa kwamba nimepita. Wanawe wawili wa kiume walikuwepo. Tukakaa chini, miguu nimeikunja, kahawa ikamiminwa, halua ikawekwa, na mama wa Raya, Bi Zuwena, akatusalimia kutoka nyuma ya pazia la chumba cha wanawake.

Ndipo nikasikia ubaridi pajani. Nikadhani jasho. Lakini jasho gani la upande mmoja? Nikainamisha macho taratibu na, jamani, kwenye kanzu yangu nyeupe, pale pale ambapo mtu hapaswi kuwa na doa la aina yoyote, kulikuwa na buluu ya ukubwa wa kisosi, na inazidi kupanuka. Kijasho chembamba kikanitoka.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angesema, "Samahani Mzee, kalamu imenivujia," wangecheka, angepewa maji, yangekwisha. Mimi nilichukua bahasha ya posa, barua ya maisha ya ndugu yangu, nikailaza juu ya doa ili kulificha.

Mzee Nassor akasema, "Haya wanangu, tuliambiwa mna barua."

"Ipo, Mzee, ipo, ila kwanza niruhusu nitangulize maneno mawili." Maneno mawili! Nilianza na Adamu na Hawa. Nikaeleza ndoa ilivyo, nikaeleza ujirani mwema, nikasifu kahawa mara nne, na muda wote naisikia bahasha inalowa taratibu chini ya kiganja changu. Mjomba anakohoa kikohozi cha kuninyamazisha. Nilikuwa nasubiri muujiza gani, mpaka leo sijui.

Kilichokuja ni adhana ya Alasiri. Mzee Nassor akasema tuswali kwanza, barua baadaye. Wote wakasimama. Mimi nimekaa.

"Simama, kijana, tuswali."

"Mguu umekufa ganzi, Mzee."

"Unyooshe, tunakusubiri." Wakasimama wananisubiri! Nikasema, nadhani nimeteguka. Bi Zuwena kutoka nyuma ya pazia akasema anayo mafuta mazuri ya kuchulia, yapelekwe sasa hivi. Nikapiga kelele, "Hapana! Hapana, Bi mkubwa, mguu umepona!"

"Kama umepona, simama," akasema Mzee Nassor, kwa upole uleule.

Hapo ndipo akili iliponihama kabisa. Nikasema, "Mimi nimeshaswali, Mzee."

"Umeswali Alasiri? Na adhana ndiyo kwanza inaadhiniwa?"

"Niliziunganisha, Adhuhuri na Alasiri. Mimi ni msafiri, na msafiri anaruhusiwa."

Mzee Nassor akauliza taratibu, "Umesafiri kutoka wapi?"

Ningeweza kusema Mtwara. Ningeweza kusema Kigoma, Muskati, popote pale. Mdomo wangu huu, uliokuwa unasifiwa ukoo mzima, ukasema, "Ilala."

Ilala, jamani. Ukitoka Ilala kwenda Kariakoo hata kiu huipati. Mjomba Shabani alifumba macho. Nyuma ya pazia mtu akaguna, na Mzee Nassor akageuka, akaelekea kibla, wakafunga swala wakiniacha kona ya kulia na kalamu yangu.

Hapo ningetulia tu, aibu ingebaki ya saizi ya kawaida. Lakini nikajiambia, wako kwenye swala, hawawezi kugeuka, nikimbilie chooni nioshe. Nikanyanyuka. Pale nilipokuwa nimekaa, kwenye lile zulia la maziwa, kulikuwa na alama ya makalio yangu, nusu yake, upande wa kulia, buluu kabisa. Nikanyakua kitambaa kilichofunikia halua nikaanza kusugua, na wino ukachanganyika na mafuta ya halua, doa likatoka kuwa sahani likawa sinia. Nimeinama hivyo, bahasha meno yameing'ata, mikono buluu mpaka viwikoni, ndipo Bi Zuwena akatoka na birika la kahawa.

"Yallah! Huyu amefanya nini kwenye zulia langu?"

Walikuwa wamefika mwisho wa swala. Wakatoa salamu upande wa kulia, Assalamu alaykum warahmatullah, wote kwa pamoja, na upande wa kulia ndipo nilipokuwa mimi. Waliniona. Kisha, kwa adabu ya ajabu, wakageukia kushoto wakamaliza salamu yao kama inavyotakiwa (isipokuwa Mjomba Shabani, yeye shingo ilikwama huku huku). Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee Nassor akasogea. "Hicho ni nini?"

"Wino, Mzee. Kalamu ilikuwa mfukoni."

"Wino tu?"

"Wino tu."

Akatikisa kichwa. "Wino si najisi. Ungesimama nao hivyo hivyo ukaswali, au ungesema nikakupa kanzu ya mwanangu. Doa humpata kila mtu. Lakini wewe umenidanganya mara tatu, nyumbani kwangu, adhana inaita, kwa ajili ya nguo." Halafu akamgeukia Mjomba, na hili ndilo lililoniua, "Na huyu ndiye mliyemwona anafaa kumsemea kijana wenu?"

Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wanacheka, "Msafiri! Msafiri wa Ilala!" Pazia lilisogea kidogo, nikamwona Raya. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anaitazama ile bahasha, uso umemshuka, na kwa mara ya kwanza siku ile nikakumbuka kwamba safari haikuwa yangu.

Mzee Nassor aliichukua barua kwa ncha za vidole, akaifungua. Katikati yote bahari, mwandiko wangu wa siku tatu umezama, jina la Jabiri halisomeki. Akaiweka juu ya kabati na kusema jibu tutalisikia. Nikarudi Ilala kwa miguu, nimejifunika mbele kwa mfuko wa rambo tuliopewa na mwenye duka la jirani, na Kariakoo haina huruma na mtu wa namna hiyo, hilo naomba nisilisimulie.

Jibu lilikuja baada ya wiki, kwa Mjomba, si kwangu: hatujakubali, hatujakataa, kijana aje mwenyewe tuswali naye Alasiri, kila siku, mwezi mzima, tumjue. Jabiri akawa anafunga biashara yake saa ambayo wateja ndio wanafurika, anatembea mpaka Sikukuu, anaswali, anarudi. Mwezi mzima. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Akakubaliwa. Siku ya ndoa nilikuwepo, kanzu mpya, mifuko mitupu, nimekaa nyuma yake kabisa, karibu kiasi cha kumrekebishia joho. Shehe akaomba mashahidi wawili, watu wakweli. Wa kwanza akatajwa Mjomba Shabani. Wa pili hajatajwa, mimi nikaanza kuweka kofia sawa na kujisogeza mbele, maana ni nani mwingine, tumekula sahani moja. Aliyenizuia si Mzee Nassor. Jabiri ndiye aliyegeuka, akaniwekea mkono begani akaninong'oneza, "Kaka, wewe pumzika." Akamwita muuza kahawa wa chini ya ghorofa, mtu aliyemjua kwa mwezi mmoja tu wa swala.

Kalamu bado ninayo. Suruali haitaiona tena, na mhadhara wangu nimeufunga. Lakini hilo ni dogo. Siku hizi mtu akiniuliza kama nimeswali, na sijaswali, namwambia sijaswali, hata kama mbele yake kuna watu kumi na ninaona aibu mpaka masikio yanawaka. Nimejiapiza hivyo. Jabiri hajui, na sijamwambia, maana sijui kama ataniamini.