Fundi Aliyefichwa na Pete Zake

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha maabara, Mama Pete anasimama nje ya duara la kuta za shaba alizozichomelea mwenyewe. Ziko kumi, moja ndani ya nyingine, zinamfika kifuani.

"Kaka, naingia."

"Ingia, dada, nakusikia," mpimaji wa maabara anajibu kutoka kwenye skrini yake nje ya mlango.

Asipojibiwa, hatii mguu.

Mama Pete, miaka hamsini na mbili, anatengeneza vitu vya kuficha vitu. Kuta hizo, anazoziita pete, hupindisha mawimbi ya rada, yakapita kando na kuungana upande wa pili kana kwamba katikati hamna kitu.

"Wataalamu walinionyesha hesabu zao, nikaona giza," anasema, akicheka kidogo. "Nikawaambia, mama yangu alikuwa mshonaji. Ukipenyeza sindano nene kwenye kitambaa, nyuzi hazikatiki, zinaipisha. Wakasema basi umeelewa."

Ijumaa moja, miaka miwili iliyopita, aliinama katikati ya pete kukaza skrubu. Shinikizo la damu likapanda, akaanguka. Saa saba mchana mpimaji alitazama skrini ya rada inayoonyesha waliobaki chumbani. Ilionyesha sifuri. Akafunga mlango, akaenda zake.

"Nilipozinduka, upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa ganzi," anasimulia. "Simu haikuwa na mtandao. Mawimbi yalikuwa yananizunguka tu, hayanigusi. Nikajiuliza, au ndiyo nimekufa?"

Jioni alisikia sauti ya mumewe koridoni.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Hayumo, mzee," mlinzi akamjibu. "Tazama skrini mwenyewe, chumba kitupu."

Mama Pete aliita. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akasikia hatua zikiondoka.

"Hapo ndipo nilipolia," anasema. "Wanaangalia nilipo, na hawanioni."

Kilichomwokoa ni ubishi wa mumewe, dereva mstaafu. Alikuwa ameuona mkoba wa mkewe ukining'inia kwenye msumari koridoni. Akarudi.

"Niliwaambia, mke wangu hawezi kwenda hata chooni bila mkoba," mzee anakumbuka. "Nikasema fungueni, au navunja."

Mama Pete alikuwa amelala humo kwa muda wa saa tano. Mguu wa kushoto bado anauburuta.

Tangu hapo ameomba mlango utobolewe dirisha. Jibu ni lile lile: kioo kitapitisha mawimbi ya nje na kuharibu vipimo.

Mwezi wa sita anastaafu. Amekwishapanga fremu ya karakana kando ya barabara kuu, atachomelea mageti na madirisha.

"Milango nitaiacha wazi," anasema. "Anayepita aniite, na mimi nimwitikie."