Simu Ilivyoniumbua Mbele ya Madhabahu

Mpaka leo nikikutana na mama yeyote wa kanisa letu hapa Nkubu najifanya natafuta kitu mfukoni, maana najua akiniona tu atauliza, "Na simu, inaendelea aje?" halafu acheke mpaka ashike ukuta. Na wana haki ya kucheka. Mimi ni fundi wa simu, jameni. Mimi huyu! Watu wanatoka mpaka Mitunguu kuniletea simu zilizoanguka kwenye mitaro ya kunyunyizia ndizi, nazifufua, halafu simu yangu mwenyewe, ambayo najua kila skrubu yake, ikanivua nguo mbele ya padri, mbele ya kwaya na mbele ya mama yangu mzazi.

Wacha nianze na mama, kwa sababu siku yenyewe ilikuwa yake. Mama alilazwa hospitalini miezi mitano. Miguu ilikataa kabisa, tukawa tunamgeuza kitandani kama mtoto, na kuna wiki moja mimi na dada yangu Karimi tulikuwa tukisimama nje ya wodi tunaongea kwa sauti ya chini yale mambo ambayo hakuna mtoto anataka kuyaongea. Sasa mama akaweka nadhiri hapo hapo kitandani: Mungu akimsimamisha, atatembea kwa miguu yake kutoka mlango wa kanisa hadi madhabahuni akibeba ndizi za shamba lake, na ule wimbo wa kushukuru wa Kimeru aliofunzwa na nyanya yake atauanzisha yeye mwenyewe. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe Mutugi, utanipigia kinanda."

Nikasema ndiyo, mama. (Wewe ungesema nini?) Shida ni moja tu, sikuwa najua kupiga kinanda.

Mungu naye akafanya yake. Miguu ikaanza kusikia, kidogo kidogo, akarudi nyumbani na fimbo, kisha akaiacha fimbo, na siku ya shukrani ikapangwa. Hapo ndipo Mwalimu Nyaga akaja dukani kwangu. Mwalimu ni mzee wa Embu aliyekuja huku kufundisha shule ya msingi, akaoa huku, akabaki, na kwaya yetu ameifundisha tangu sijazaliwa, kwa ubao wa doh-re-mi na kijiti cha mti wa kahawa anachoonyeshea. Siku hizi macho yake yamefifia lakini ubao anaujua kwa kichwa.

"Mutugi, njoo Jumamosi tufanye mazoezi na kwaya," akasema. "Nikuonyeshe kidogo."

"Mwalimu, usijisumbue. Mambo ya siku hizi yako kwa simu."

Akachukua simu akaisogeza mpaka karibu na pua. "Hii itakufundisha?"

"Tena haichoki, na haina kijiti."

"Ni sawa," akasema, akanirudishia. "Lakini inamjua mama yako?"

Nikacheka. Nilicheka kweli, nikamwambia mteja aliyekuwa pale, unasikia wazee? Kai! Laiti ningejua.

Lakini msinielewe vibaya, ile programu ya simu ya kufundisha kinanda ni kali, na hata leo siwezi kuisema vibaya. Unaichezea rekodi ya wimbo, na mimi niliichezea rekodi ya zamani ya kwaya yetu wenyewe wakiuimba huo wimbo wa mama, nayo inausikiliza, inaziokota noti zote, kisha inazishusha kwenye kioo kama mvua ya rangi, kijani mkono huu, bluu mkono huu, na wewe unabonyeza pale inapodondokea. Ukikosea inakuambia, ukichelewa inakuambia, tena kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke mpole aliyesoma. Inakurekodi ukifanya mazoezi ili ujisikilize baadaye, na mwisho inakupa nyota. Kila asubuhi kabla ya wateja nilikuwa nafungua kakinanda kadogo ka mitumba nilikonunua, naziba masikio na vile vispika vidogo, napiga. Wiki ya sita nikapata nyota tano kati ya tano. Nikaonyesha Karimi, nikaonyesha muuza nyama wa jirani, karibu niiweke kwenye fremu. (Kitu kimoja sikukitilia maanani: ili kunirahisishia, programu ilikuwa imeniwekea wimbo wote kwenye vitufe vyeupe. Vile vyeusi sikuwahi kuvigusa hata kimoja.)

Jumapili yenyewe kanisa likajaa mpaka nje, majirani, wauguzi wawili waliomhudumia mama, hata watu wa soko la Gakoromone anaowauzia ndizi walikuja na vitenge vya kufanana. Nikaiegemeza simu juu ya kinanda cha kanisa, na hapo ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo uliozaa mengine yote. Programu ilikuwa na ngoma zake nzuri za kusindikiza, nikawaza, mama yangu aingie kimyakimya kwani ni mwizi? Nikachomeka simu kwa waya kwenye spika za kanisa.

Sasa wale wa kwetu mnajua. Huku mama mzee akianzisha wimbo anauanzia pale koo lake limeamkia. Hakuna mtu wa kumwambia panda au shuka, sisi wengine ndio tunamfuata. Na mama, baada ya miezi mitano ya dawa, sauti ilikuwa imeshuka sana. Akasimama mlangoni na kiondo chake chenye chane mbili za ndizi (alitaka mkungu mzima, tulimbembeleza wiki nzima), akafumba macho, akaanza kuimba chini kabisa, polepole, kwa mwendo wa mtu anayejifunza kutembea upya.

Ngoma zangu nazo zikaanza mbio. Nikabonyeza kitufe changu cha kwanza, cheupe, kwa kujiamini kabisa, na kinanda kikalia kama mlango wa zizi. Programu ikasikia sauti ya mama ikadhani ni mimi, na spika zote nne zikasema, "Noti si sahihi. Jaribu tena."

Watu wakageuka. Mama akanyamaza, akapumua, akaanza tena, hatua moja, hatua mbili, nami nikabonyeza tena palepale maana ndipo rangi ilipodondokea, na yule mwanamke mpole akatangazia kanisa zima, "Unachelewa. Ongeza kasi."

Wueh! Bibi mmoja wa mbele akasimama akauliza kwa sauti, "Nani huyo anaharakisha mgonjwa?"

Nikarukia simu niizime. Mikono jasho, kioo kinateleza, nikabonyeza sijui wapi, ngoma zikakatika, nikasema asante Yesu. Kumbe nimefungua rekodi ya mazoezi yangu ya juzi. Na ninyi mnajua mtu akiwa peke yake anavyojiongelesha. Sauti yangu ikajaa kanisa: "Nyota tano! Sasa Mwalimu Nyaga atapeleka wapi kijiti chake? Huyo mzee simu imemstaafisha!"

Nikang'oa waya. Spika zikapiga mlio mmoja mbaya, nami nikabonyezabonyeza simu mpaka ikazima ile rekodi. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Lakini mimi sikuwa naangalia watu, nilikuwa naangalia mama. Alikuwa amekwama katikati ya kanisa, kiondo mkononi, miguu inatetemeka nikiiona kutoka kule mbele. Karimi akainuka amshike na mama akamzuia kwa mkono. Alisema atafika mwenyewe. Nikawaza, ameshinda kitanda miezi mitano, halafu ataangushwa na mimi mwanawe.

Mwalimu Nyaga akainuka kwenye benchi lake. Akaja akipapasa benchi moja baada ya lingine, na kile kijiti mkononi, nami nikainama kabisa, nikasema hiki leo ni changu. Akanipita kwa macho, akamwambia mama, "Mama Mutugi, anza tena. Palepale ulipokuwa, usibadilishe."

Mama akaanza. Mwalimu akainamisha kichwa, akasikiliza kama mtu anayesubiri maji yachemke, akanong'ona "doh... doh...", kisha akakamata kidole changu akakiweka juu ya kitufe kimoja. Cheusi.

"Hii ndiyo doh ya mama yako," akaniambia sikioni. "Shika hapo. Usiachilie, na usiguse kitu kingine chochote."

Nikashika. Akainua kijiti, kwaya ikaingia kwa sauti zote nne bila karatasi, wamama wakapiga makofi kwa mwendo wa miguu yake, akisimama wanasubiri, akitembea wanatembea naye, na mimi nikabaki na kidole kimoja juu ya noti moja, machozi yakidondokea vitufe vya kanisa. Mama akafika. Akaweka kiondo chini mwenyewe, akajiinua mwenyewe.

Baada ya misa nilimfuata Mwalimu nyuma ya kanisa. "Mwalimu, nisamehe. Nilikosa adabu."

"Nilisikia nimestaafu," akasema. "Sasa leo nani alikuwa kazini?"

"Wewe, Mwalimu," nikasema.

"Nitakusamehe Jumamosi, saa nane. Na uje na hiyo simu."

Nimeenda kila Jumamosi tangu hiyo siku, namshukuru Mungu kwa huyo mzee kuliko ninavyoweza kumwambia. Nilimtengenezea tableti kuukuu, noti zake za doh-re-mi sasa anazikuza mpaka ziwe kubwa kama mayai, na programu anaitumia kupunguza mwendo wa nyimbo ili wale wa sauti ya tatu wasikie makosa yao. Anaiita mwanafunzi wake asiyejua kunyamaza. Mimi nimeapa sitachomeka tena waya wowote kanisani kabla sijamsikiliza mwenye wimbo anaanzia wapi.

Na kitu cha mwisho. Katika kule kubonyezabonyeza kwangu nilikuwa nimewasha rekodi bila kujua, simu ikauchukua wimbo wote mpaka amina. Mama huniomba nimchezee kila Jumapili tukimaliza chai. Sauti yake iko pale, nzito, inatembea, na chini yake noti yangu moja haijatetereka. Programu ilinipa nyota moja kati ya tano. Zile rekodi za nyota tano nilizifuta zote.