Mskoti Aliyekataa Kupiga Magoti

Mtihani wa mdomo wa kozi ya uhubiri ulikuwa umeniangusha mara mbili, na mara zote sababu ilikuwa Mskoti mmoja aliyekufa zamani. Alikuwa mwanatheolojia na mkuu wa chuo kikuu. Mfalme alipoamuru watu wapige magoti kupokea mkate na divai ya Meza ya Bwana, badala ya kukaa mezani kama walivyozoea, yeye alikataa, na ukuu wa chuo ukamponyoka. Swali lilikuwa lile lile: kwa nini msomi apoteze cheo kwa ajili ya kukaa? Nilijibu kwa vifungu vya kukariri. Rohoni nilimwona mkaidi tu.

Nilikuwa mlinzi wa ghala Jebel Ali, Uarabuni, zamu ya saa kumi na mbili kwa miguu getini, na ukikutwa umekaa unaandikiwa barua ya onyo. Kozi ile niliisomea ndani ya basi la kampuni, miaka minne. Nikianguka mara ya tatu, yote yangekwenda na maji.

"Huyo mzungu wako anakusumbua kuliko supavaiza," alinitania dada Mganda niliyeishi naye chumba kimoja.

Siku yenyewe ya mtihani nilikuwa ofu, sina zamu. Niliegemeza simu kwenye sanduku, nikakaa kitini. Mtahini, mchungaji mzee aliyekuwa Nairobi, alipotokea tu kwenye video ya simu, nikasimama wima, mikono nyuma.

"Mbona umesimama, dada? Sioni uso wako."

"Samahani, sir. Nimezoea. Mkubwa akija, hatukai."

Nilijisikia nikisema hayo, nikamkumbuka Mskoti. Nikakaa tena, safari hii kwa makusudi.

"Mchungaji, wacha nikujibu lile swali la Mskoti. Kwa bosi nasimama kwa sababu mimi ni mlinzi wake. Lakini kwa Yesu mimi ni mgeni, nimeambiwa karibu mezani. Mgeni gani hula akiwa amepiga magoti? Kile kiti Mskoti alipewa na mwenye nyumba, sasa mfalme anamwondoa kama nani? Hata mimi ningeacha kazi!"

Mchungaji akacheka mpaka akavua miwani. "Umepita, mhubiri."

Dada Mganda, kumbe alikuwa mlangoni, akapiga vigelegele jengo zima likasikia. Mimi nililia, na nilijivuna, sitaficha.

Ijumaa iliyofuata, siku yetu ya ibada huko, nilihubiri kwa mara ya kwanza. Walinzi na wafagiaji walikuwa wamejipanga ukutani, wamesimama kama kazini, viti vitupu mbele yao. Sikufungua Biblia kwanza. Niliwaambia wakae, nikangoja mpaka wa mwisho akakaa.