Hadithi Haitolewi Mchana

Chuoni walinifundisha kwamba kila hadithi ni kilima. Chini kuna mwanzo, ukipanda unakutana na tatizo, juu ndiko kwenye kilele, na ukishuka upande wa pili unakuta utatuzi, kila mtu keshakwenda kwao. Nilikichora kilima hicho ubaoni kule Mpapura, mkoani Mtwara, mbele ya darasa la sita, na nilikichora kwa hasira. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwama njiani.

Mwanangu alikuwa Mbeya kwa mama yangu. Nilimwacha anatambaa. Miaka ile ya tisini, mvua zikianza, barabara ya Dar es Salaam ilikuwa tope tupu, na aliyekuwa Mtwara alibaki Mtwara mpaka nchi ikauke. Mama akaniandikia kwamba mtoto sasa anaongea, na kwamba anamwita yeye mama. Nililia mpaka nikajichukia. Nikaomba uhamisho. Mwalimu mkuu akaniambia nitulie, mkaguzi yuko njiani, akiona kazi yangu ni nzuri ataniombea wilayani.

Basi nikajiandaa. Kitabu cha hadithi kilikuwa kimoja kwa darasa zima, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo utatuzi ulikuwa tumboni mwa mchwa. Nikawaambia watoto walete hadithi za nyumbani. Kimya. Nikawabembeleza, kimya. Nikawazuia kutoka saa ya kurudi nyumbani, wakakaa wananitazama kwa huruma. Mwishowe binti mmoja wa dawati la nyuma akasimama.

"Mwalimu, hadithi haitolewi mchana," alisema. "Ukitoa mchana, mama yako anapotea njia ya shamba. Harudi."

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Na yeye kaambiwa na bibi yake."

Nilitaka kucheka. Kisha nikamkumbuka mama yangu, na mwanangu mgongoni mwake, nikawaruhusu waende.

Siku ya ukaguzi mkaguzi alikaa nyuma kabisa, miguu imekunjwa kwenye dawati la watoto. Nikachora kilima, nikaeleza, watoto wakarudia kama kasuku. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, hayo ni maneno ya kukariri. Wachambue hadithi yao, ya hapa hapa."

Ilikuwa asubuhi, jua limejaa darasani. Nilimtazama yule binti. Sikumwomba kitu, ila nadhani macho yangu yalimwomba.

Akaenda kufunga dirisha. Wenzake wakamwelewa kabla yangu. Pembeni kulikuwa na magunia matupu ya kuwekea korosho za shamba la shule. Wakayatundika kwenye madirisha yasiyo na mbao, mlango ukasukumwa, giza likaingia.

"Sasa usiku, Mwalimu," alisema.

Akatoa hadithi ya mwanamke aliyefuata asali pangoni, jiwe likaporomoka, likaziba mlango. Kulikuwa na wimbo wa kulibembeleza jiwe, kwa Kimakonde, na darasa zima liliitikia kwa makofi ya taratibu. Huko nyuma nilimsikia mkaguzi naye anaitikia. Kijiji kizima kikaja kusukuma, jiwe likakataa. Ulibaki ufa mdogo tu. Watu wakawa wanampitishia muhogo kila siku, akala, akazoea, akaacha kuuliza habari za mlango.

"Tatizo liko wapi?" niliuliza gizani. Wakajibu bila kusita. Kilele? Pale watu wote waliposukuma na jiwe likakataa.

"Na utatuzi?"

"Muhogo," walisema kwa pamoja.

Niliwaambia utatuzi ni kutoka pangoni. Walinibishia. Mwanamke hakufa njaa, walisema, na watu hawakumwacha peke yake, sasa mwalimu anataka nini zaidi? Mkaguzi alicheka mpaka akakohoa.

Madirisha yalipofunguliwa alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema tangu aanze kazi hajaona somo kama lile. Kichwani nililiona basi, nikaiona Mbeya, nikamwona mtoto ananishangaa mlangoni. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu, aliyekuwa amekuja kumchukua.

"Huyu msimwachie," alisema. "Nitaandika abaki hapa hapa. Walimu wa namna hii tunao wangapi?"

Mwalimu mkuu alicheka kwa raha. Nami nilicheka, kwa kuwa sikujua ningefanya nini kingine.

Mvua zilianza wiki ile ile. Jioni moja nikasikia hodi. Alikuwa yule binti, ameloa chapachapa, kikapu kichwani kimefunikwa majani ya mgomba.

"Shikamoo, Mwalimu. Mama kasikia huondoki tena. Kafurahi. Kasema nikuletee hii."

Nilifunua majani. Ulikuwa muhogo, mweupe, umeshamenywa. Binti alinitazama usoni, akakitazama kikapu, akainamisha kichwa, na nikajua kwamba naye amekumbuka. Nilimshukuru, nikampa kanga yangu ya kujifunikia, akaondoka mbio kwenye mvua.

Nikauosha muhogo, nikauchemsha kwa nazi, nikala. Ulikuwa mtamu, na utamu ule ndio ulionitia hofu.