Kamba ya Ruwenzori Mbele ya Mama Mukwe

Mucheke basi, mumalize, maana hasira yangu juu ya Saleh haijapoa mpaka leo, na aibu yenyewe Kindu nzima iliijua, na mji wa Kalima pia, hata mamba wa muto Lualaba walipashana habari.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji. Mimi, wa kwanza katika masomo ya usiku (sawa, tulikuwa watatu), niliombwa kueleza mulima Ruwenzori mbele ya watu. Muchumba wangu Zaina akamuleta mama yake, asikie kama huyu anayemutaka binti yake iko na akili. Lakini kwetu kijana na mama mukwe hawaangaliani uso kwa uso, kwa hiyo mama akakaa nje, chini ya dirisha, anasikiliza.

Nikaanza vizuri kabisa: pori kwanza, halafu mianzi, halafu matope ya kumeza ng'ombe na pembe zake, halafu miti yenye ndevu, na juu kabisa barafu, baridi ya kugandisha mate kabla hayajafika chini, na kule watu wanafungana kamba kiunoni, mumoja akiteleza wengine wanamushika. Saleh, rafiki yangu (rafiki!), akapiga kelele: "Mwalimu, acha maneno, onyesha!"

Ningekataa. Lakini mama alikuwa anasikiliza. Nikavaa makoti mawili na blanketi, mu joto ile ya Kindu, Saleh akatufunga kamba, mimi mbele, yeye nyuma, tukapanda juu ya meza. "Kaza!" nikamuambia, na mupumbavu akakaza kweli.

Njo hapo mvua ikamwagika. Mama, maskini, akakimbilia ndani, tukakutana macho kwa macho. Heshima ikaniambia kimbia, nikakimbia, nikasahau kamba, kamba haikunisahau. Meza, Saleh, mimi, wote chini, nikabingirika na blanketi langu mpaka miguuni pake, na Saleh juu ya mugongo wangu anacheka!

"Kata kamba, wewe!"

"Ngoja, Mwalimu, hatujafika kwa barafu!"

Mama akafunika uso kwa kitambaa. "Zaina, twende. Huyu anaanguka mulima ndani ya nyumba. Wewe atakufikisha wapi?"

Zaina akageuka mara moja tu, mulangoni. Yeye hakucheka.

Aliolewa na mwingine, kule Pangi. Mimi sipandi tena hata kiti, na Saleh akija kuniomba kamba ya kufungia mbuzi wake, ninamuambia akaitafute Ruwenzori, kule juu, kwa barafu.