Pipa la Mjomba na Injini ya Silinda Tatu

Bi Spana alizaliwa na ubishi wake, na hilo hata mama yake hakulificha. Alipomaliza shule, mama huyo alimpeleka kwenye gereji ya kaka yake akitumaini kwamba grisi ingempunguza makali. Grisi ikashindwa. Mwaka mzima Mjomba hakumruhusu kugusa kazi nyingine zaidi ya kumwaga oili chakavu na kutia mpya. Mwaka wa pili akaanza kufungua injini, na kufikia mwaka wa kumi na nne, ambao ndio habari yetu, hapakuwa na fundi pale aliyemzidi isipokuwa Mjomba mwenyewe, na hata hilo tuliache hapo tusije tukagombana.

Alikuwa na tabia mbili zilizowachosha wenzake. Kwanza, alipokwama alisoma kitabu cha gari, kile kinacholala kwenye droo ya dashibodi, ambacho wenzake walichana kurasa zake kufutia mikono. Pili, gari lolote lenye turbo, kile kifeni kinachoisukumia injini hewa, akilirudisha kutoka majaribioni, hakulizima papo hapo. Alikaa ndani dakika moja nzima injini ikinguruma taratibu, ili oili iipoze ile turbo inayozunguka kama imerukwa na akili. Mzee Gia, fundi wa giaboksi, hakukosa kupita dirishani na kumuuliza kama anaomba dua.

Jumanne moja asubuhi likavutwa kwa kamba gari dogo la buluu la mkunga. Mkunga huyu alizalisha nusu ya watoto wa mitaa ile, na kwa miaka mitatu gari hilo lilimfikisha kila mlango alioitwa. Injini yake ilikuwa ya petroli, lita moja tu, silinda tatu, lakini turbo iliipa nguvu za farasi mia na kumi, nguvu ambazo injini za zamani hazikuzitoa bila lita moja na nusu au zaidi. Mafundi hawakutaka kusikia habari hizo. Waliiita cherehani. Siku hiyo taa nyekundu ya oili iliwaka mkunga akiwa njiani, naye, mwanamke mwenye akili zake timamu, alizima palepale na kupiga simu.

Mjomba hakuinama hata kuitazama. Alisema alijua siku hii itafika, kwamba vijiinjini hivi vimetengenezwa vya kutupwa, na dawa ni kuing'oa na kupachika kubwa ya zamani isiyo na turbo. Mkunga akaitikia kwa kichwa, kinyonge. Majirani walikwishamwambia hivyohivyo.

"Haing'olewi mpaka niione tumboni," akasema Bi Spana.

Mbele ya mteja hakuna aliyewahi kumpinga Mjomba. Akamtazama mpwa wake juu ya miwani, kisha akampa mpaka Ijumaa, kwa sharti: gari lipande kilima cha nyuma ya gereji likiwa limejaa watu. Likishindwa, injini inatupwa, na Bi Spana akusanye vyombo vyake akatafute gereji nyingine ya kubishania. Alisema hivyo wote wakisikia, kwa hiyo hakuwa anatania.

Bi Spana akaingia chini ya gari na kufungua sampo, lile karai la chini linalokusanya oili. Chujio lilikuwa limezibwa na chembechembe nyeusi kama majani ya chai. Akazisugua vidoleni. Zilikuwa mpira. Akaenda kwenye kitabu. Kumbe mkanda wa ndani wa injini ile haukai pakavu, unaogelea ndani ya oili, na kitabu kilitaja kwa wino mzito aina moja tu, oili nyepesi maalumu, kikaonya kwamba nyingine itautafuna mkanda. Hapo moyo ukampasuka.

Kwa sababu gereji ile ilikuwa na pipa. Pipa jekundu lenye pampu ya mkono, limejaa oili nzito ya malori, na kila injini iliyoingia pale, kubwa kwa ndogo, ilinyweshwa humo. Mjomba aliapa kwamba oili nzito ndiyo afya ya injini. Na chini ya boneti ya mkunga ilibandikwa stika yenye tarehe tano za kubadilisha oili, zote kwa mwandiko wa Bi Spana. Yeye msomaji, kitabu cha gari hili hakuwahi kukifungua. Nani afungue kitabu kwa kazi ya kumwaga oili, kazi aliyoifanya kwa mazoea tangu mwaka wa kwanza? Aliona aibu, kisha hasira, na hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Akamwita Mjomba, akamwonyesha chujio. Mjomba alilitazama kwa muda mrefu, akalirudisha mezani polepole.

"Bandua hiyo stika," akasema kwa sauti ya chini. "Mteja hana haja ya kujua kila kitu."

Bi Spana alimpenda Mjomba. Ndiye aliyemfundisha kuisikia bolti kwa kiganja kabla haijakatika, na ndiye aliyewafukuza wateja waliokataa gari lao liguswe na mwanamke. Kwa hiyo maneno yale yalimuuma kuliko matusi ya watu wengine wote. Stika hakuibandua.

Mkunga alipokuja Jumatano, Bi Spana alimpokea mlangoni na chujio mkononi, Mjomba akiwa hatua tatu nyuma.

"Mama, injini yako haina kosa. Sisi ndio tuliokuwa tunaiua kwa oili isiyo yake, na mkono ulioitia ni huu wangu."

Mkunga alizitazama zile chembe. "Unajua nimebeba watu gani ndani ya gari hili?"

"Najua, mama."

"Basi itengeneze."

Alipoondoka, Mjomba akamwambia mpwa wake kwamba amemvua nguo ndani ya gereji yake mwenyewe.

"Nimejivua na mimi, Mjomba," akajibu. "Tuko wawili."

Kisha akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika ubavuni mwa pipa kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani: MALORI TU. Mzee Gia alisogea na kitambaa kilicholowa petroli ili ayafute maandishi, akaangalia uso wa Bi Spana, akakumbuka ana kazi nyingine.

Siku mbili Bi Spana alifanya kazi bila kusemeshwa na mtu. Alifunga mkanda mpya, akasafisha njia zote za oili hadi zikatoa oili safi, akaibadilisha pampu, akautikisa mhimili wa turbo kwa vidole na kuukuta umekaza. Ijumaa mchana Mjomba alishika usukani mwenyewe. Mzee Gia alikaa mbele, na nyuma akabanana Bi Spana na mafundi wawili wenye vitambi vya kujivunia. Katikati ya kilima, penye mwinuko mkali, Mjomba akasimamisha gari makusudi, kisha akaondoka upya. Turbo ikapiga mluzi. Cherehani likawabeba wote watano hadi juu bila kukohoa, na Mzee Gia hakuuachia mpini wa mlango mpaka waliporudi.

Walipofika gereji wote wakashuka, ila Mjomba. Alikaa kwenye usukani, injini ikinguruma taratibu, mkono mmoja kwenye ufunguo na macho kwenye saa yake. Mzee Gia akainama dirishani, akamuuliza kama anaomba dua.

"Nyamaza," akasema Mjomba. "Bado sekunde arobaini."

Bi Spana alikwishachomoa kalamu. Alisimama kando ya boneti akingoja ifunguliwe, aandike tarehe ya sita chini ya zile tano.